Breki Iliyonuka Sangara

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Nansio tu wazima, dada yako amejifungua wa kike. Unauliza kwa nini breki ya nyuma ya skuta yako haishiki, na fundi wa Buhongwa kila siku anakaza waya. Nawe unamtazama tu?

Babu yako naye alikaza waya wa skuta yetu mara tatu, na bado nusura tuingie ziwani kwenye mteremko wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Nikamwambia afungue gurudumu. Akacheka, "Mama Ndalo, wewe na breki wapi na wapi?"

Nikafungua mwenyewe, nikanusa. Sangara. Tenga letu la samaki, tulilolifunga nyuma, lilichuruzisha mafuta mpaka ndani ya gurudumu, viatu vya breki vikawa vinateleza.

Wewe unabeba nini huko nyuma? Fungua, unuse, uniandikie. Mpaka ujue, tembea. Miguu hiyo niliilisha mimi.

Bibi yako