Kitovu cha Rifqi Hakijazikwa

Kak Rohana, dada yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta unakula angalau kidogo, maana mumeo, Bang Hamdan, aliniambia kwenye simu kwamba uji anaokupikia unauacha mpaka unaganda. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui.

Huku Singapore mvua haikatiki. Dr. Koh, bosi wangu, bado ana maneno yake. Juzi alinikuta nimeinamia hadubini akanicheka, eti namlinda nani humo, niende zangu nikale. Kazi yetu unaijua: tunaotesha figo ndogo ndani ya kipande cha plastiki, ili dawa zijaribiwe humo kabla ya kumfikia mgonjwa. Figo bila mishipa ya damu inakufa. Mishipa hiyo tunaiotesha kwa seli za vitovu vya watoto, kama kile ulichotupatia ulipomzaa Rifqi.

Ulikitoa kwa ridhaa yako, tena ukatania kwamba mwanao ameanza kazi kabla hajanyonya. Mama mkwe wako hakuambiwa. Bang Hamdan akaliosha kondo la nyuma, akalitia chunguni na chumvi na ukwaju kama ilivyo desturi yetu, akalizika, watu wakaridhika. Sasa Rifqi ametutoka, na mama mkwe amejua. Anasema kondo ni ndugu wa mtoto, na ndugu huyo mmemzika nusu, ndiyo maana mtoto hakukaa. Maneno hayo yameniudhi sana. Rifqi alizaliwa na moyo mbovu, Kak, na daktari alikueleza. Hukumkosea kitu.

Uliponiuliza kama kuna kilichobaki ukizike, nilikujibu kwamba seli zote zimeshakufa. Nilikudanganya. Ziko hai. Zimejiunga zenyewe zikawa mishipa, zimepenya ndani ya figo, na pampu ikisukuma, damu inapita.

Usidhani naionea uchungu kazi. Dr. Koh hajui ni za nani, na akijua atasema nikurudishie, ni haki yako. Nilichoogopa ni kwamba ukisema zizikwe, wa kuzima pampu ni mimi. Mimi ndiye niliyemwosha Rifqi, Kak. Sikuweza kumuaga mara ya pili.

Lakini mama yake ni wewe. Ukisema zizikwe, nitazima na kukuletea kwa mkono wangu. Ila njoo kwanza uzione.

Msalimie Bang Hamdan, na mama mkwe pia, ingawa nimemkasirikia. Sitagusa kitu mpaka ufike.

Mdogo wako akupendaye,
Suhaila