Niliziba Matundu ya Kompyuta, Mkamwana Akabeba Lawama

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujaniona mtu mbaya, maana mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, nimefundisha habari za joto karibu maisha yangu yote ya kazi, na haya yaliyonipata yangempata mwingine ningemcheka. Nyumbani naishi na mke wangu, mwanangu wa kiume na mkewe. Mkamwana wangu huyu anachora ramani za nyumba, zile zinazozungushwa kwenye skrini mpaka mteja aone jiko lake na ngazi zake kabla hata tofali moja halijawekwa, na kazi hiyo anaifanyia sebuleni kwenye kompyuta yangu ya zamani ya mezani, niliyompa mwenyewe alipoolewa, nikamwambia, "Mwanangu, chombo hiki ukikitunza kitakutunza."

Basi siku moja nilimwona mjusi akichungulia tundu la nyuma ya kasha la kompyuta, nikasema huyu ataingia aunguze nyaya, na kwa kuwa mkamwana alikuwa ametoka nikachukua tepu pana ya kufungia maboksi nikaziba matundu yote, ya nyuma na ya ubavuni, nikalisukuma kasha ukutani, nikajisifu moyoni kwamba nimeokoa mali, wala sikumwambia mtu kwa sababu sikuliona kuwa ni jambo la kusimulia.

Haukupita muda kompyuta ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, skrini ikawa inatoa mistari na vidoa vya rangi, kisha inazima yenyewe mkamwana akiwa katikati ya kazi. Na mimi, badala ya kufikiri, nikafundisha. Nilimweleza mbele ya mumewe kwamba kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora kila tunachokiona kwenye skrini, hupata joto ikifanyishwa kazi nzito, na kwamba yeye haipumzishi. "Hata punda hupumzishwa," nilimwambia. Akajibu, "Sawa baba, nitajirekebisha." Mke wangu akadakia, "Mwache mtoto wa watu, kompyuta yenyewe kikongwe kama wewe," tukacheka wote isipokuwa mkamwana.

Siku kompyuta ilipokataa kabisa kuonyesha picha, mwanangu alikwenda kumwita fundi. Nikabaki peke yangu, nikalivuta kasha kutoka ukutani ili fundi asipate taabu, na hapo nikaiona ile tepu, imejikunja kwa joto, gundi imeyeyuka na kunatana na vumbi. Mshauri, nilielewa palepale. Na badala ya kuwangoja niwaonyeshe, niliibandua yote, nikasugua gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikatupa kila kitu jalalani. Fundi akaja, akauliza mbona panatoka harufu ya mafuta ya taa, nikamjibu ni dawa ya mchwa. Akafungua, akasema kadi imepigwa na joto kwa muda mrefu, akauliza, "Nani anaitumia sana?" Sote tukamtazama mkamwana. Hata mimi nilimtazama.

Sasa mteja wake amehamia kwa mchoraji mwingine, na mwanangu anamwambia aachane na kazi hiyo: "Umekiua kifaa cha mzee, ukipewa kingine si utakiua vilevile?" Mkamwana mwenyewe alinifuata, akasimama mlangoni akaniomba msamaha, nami nikamwambia, "Yamekwisha, mwanangu." Yaani nimemsamehe kosa langu mimi.

Nimewaza ninunue kadi nyingine kimyakimya, niiweke mezani iwe zawadi yangu kwake, mambo yaishe. Je, haitoshi? Nyumba hii niliiongoza kwa amri moja, kwamba aliyevunja kikombe aseme mwenyewe, na mwanangu huyu amekua kwa amri hiyo. Nitaanzia wapi? Chakula hakinipiti kooni.

Ni mimi, Mwalimu Mwenye Haya.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Pole. Haya inayokunyima chakula ni dalili kwamba ndani yako bado mna mtu mzima. Lakini haya peke yake haimfai mkamwana wako kitu.

Tutenganishe mambo mawili, maana wewe umeyakoroga. Kuziba matundu lilikuwa kosa la mtu aliyetaka kusaidia. Mjusi amewatisha wengi, na hakuna ambaye angekuhukumu kwa hilo zaidi ya kukutania. Kubandua tepu, kusingizia mchwa, na kuyaelekeza macho yako kule yalikoelekea ya wenzako, huo ndio uovu, na ulikuwa na nafasi ya kuuacha katika kila hatua. Hukuuacha. Ulifunika kombe, na aliye chini ya kombe ni binti wa watu.

Zawadi unayoiwaza isahau. Atakushukuru, si ndiyo? Atawaambia ndugu zake kwamba baba mkwe ana moyo, aliharibiwa chake na bado akatoa. Utazipokea shukrani hizo kwa uso gani? Hivi sasa anajiona mzembe. Baada ya zawadi atajiona mzembe mwenye deni la fadhila.

Unaogopa mwanao akijua umeivunja amri yako. Mimi ninaogopa asipojua, kwa sababu anamdharau mkewe kwa ushahidi uliouchezea wewe, na ndoa huanza kuoza kwa dharau ndogo kama hizo.

Kwa hiyo fanya hivi. Yazungumze mbele ya walewale waliosikia lawama: mkeo, mwanao, na huyo binti mwenyewe. Usimwite pembeni ukamnong'oneza, maana lawama haikunong'onwa. Kisha mpigie fundi umweleze kuhusu tepu na mafuta ya taa, kwa kuwa alipima bila kujua. Na mteja aliyehama, mpigie pia, kama binti ataridhia, umwambie kazi ilikwama kwa mkono wako.

Kuhusu kompyuta, usikimbilie kununua. Kadi ya zamani iliyonyimwa hewa si lazima iwe imekufa. Fundi aichomoe kwenye umeme, apulize vumbi huku amezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, aone kama feni inazunguka bila kukwama, kisha afungue kadi abadilishe ule ute unaopakwa kati ya chipu na chuma cha kuipoza, kwa maana ukizeeka hukauka na joto hukosa njia. Kasha likae mezani, mbali na ukuta, matundu wazi. Binti awekewe programu ya kuonyesha nyuzi za joto, ajionee kadi ikifika themanini na kitu, apunguze kazi. Mistari ikirudi hata baada ya hayo, basi kadi imeharibika. Nunua nyingine, achague yeye, na fundi ahakikishe pawa saplai ya zamani, yaani kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, inaimudu. Iite malipo, usiiite zawadi. Na mjusi hafuati kompyuta. Hufuata wadudu, na wadudu hufuata makombo. Futeni meza.

Najua unavyopenda kueleza, nami nina ugonjwa huohuo. Ukipewa nafasi utaanza na mjusi, upitie kanuni za joto, na mpaka ufike kwenye tepu wasikilizaji watakuwa wanakuonea huruma wewe. Usifanye hivyo. Sema leo, mkiwa wote mmekaa: "Mimi ndiye niliyeziba matundu. Nilipojua, nilificha, nikakuacha ulaumiwe. Nisamehe." Akilia, akinyanyuka akatoka, au akikwambia maneno ambayo hujawahi kuambiwa na mkwe, usimkatize wala usimsahihishe. Zamu ya kusema ni yake.