Rangi Chini ya Bolti

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na mkono wake uliovunjika umeunga ingawa bado hawezi kukamua nguo. Presha yangu ilikuwa imetulia mpaka juzi. Ukisikia imepanda tena, usitafute mchawi. Sababu utaisoma hapa. Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu una tabia ya kunikata kauli, na safari hii nataka nimalize.

Unakikumbuka kikao cha sebuleni kwa mama baada ya ajali. Dada yako alieleza kwamba yeye na mama walicheleweshwa hospitali, giza likawakuta njiani, na kila indiketa ilipowaka, taa kubwa zilififia nayo. Alipokanyaga breki zikafa kabisa, barabara ikapotea, akajikuta kwenye ukuta wa shule. Wewe ulicheka. Ulimuuliza tangu lini breki ikazima taa, na kama ukipiga honi milango nayo itafunguka. Wajomba wakacheka nawe. Kisha ukamwambia, mbele ya watoto wake, kwamba gari la marehemu baba haliendeshwi na watu wanaosinzia. Dada huyo ndiye aliyekufundisha wewe kuendesha!

Tangu siku ile hajakanyaga hapa. Nilipomfuata kwake alinieleza kwamba alikwenda kupimwa macho. Daktari alimwambia macho hayana kasoro, naye akatoka analia, maana kama macho ni mazima, basi kweli ni yeye aliyemvunja mama mkono. Amekula na kulala na wazo hilo miezi yote hii, wakati wewe unaweka picha za gari ukutani.

Basi juzi nilifungua banda lilimo gari, ambalo ukuta uliliumiza bampa tu, nikakunja mikono ya shati. Usinune nikieleza, nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na katika wanafunzi wangu hakuna aliyekuwa mvivu kama wewe. Nilianza na vitu rahisi. Betri ilikuwa imejaa, fyuzi nzima, balbu nzima. Injini ikawaka mara moja. Nikawasha taa: mwanga hafifu, wa rangi ya chai. Nikawasha indiketa, na taa kubwa zikaanza kupepesa nayo. Nikakanyaga breki huku nikitazama ukuta wa mbele. Giza. Kila neno alilosema dada yako lilikuwa pale pale bandani.

Sasa sikiliza. Umeme ukitoka betri na kufika kwenye taa, haujamaliza safari. Lazima urudi betri. Katika gari lile njia ya kurudi ni bati lenyewe la bodi. Kutoka kwenye bodi unapita waya mnene uliosukwa, uliofungwa kwa bolti, mpaka kwenye injini, na kutoka injini mpaka betri. Waya huo usipogusa chuma kitupu, taa zote zinagombania upenyo mdogo uliobaki, na kila unapoongeza taa moja, nyingine zinafifia. Injini haijali, kwa sababu ina waya wake hadi betri. Ndiyo maana gari liliwaka vizuri asubuhi ya siku ya ajali, na hakuna aliyeshuku kitu.

Nilichukua kipande cha waya, upande mmoja nikaugusisha kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha bodi nilipokwangua kidogo. Mwanga ukaruka ukutani, mweupe, nikafumba macho. Nikafungua ile bolti. Chini yake kulikuwa na rangi yako ya buluu, laini kama sahani, tabaka juu ya tabaka. Ulitaka pasionekane hata nukta ya chuma, ukaagiza ipakwe mpaka mahali umeme unapopita. Nilisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza bolti, nikakanyaga breki. Mwanga haukutikisika.

Mpaka hapo ningekuita mjinga, tukayamaliza. Lakini mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa banda. Nilidhani atafurahi. Alijifunika uso kwa viganja. Aliniambia kwamba siku ulipolirudisha gari kutoka kwa mpaka rangi, ulimwambia taa zinafifia, na kwamba yule bwana alikushauri rangi ikwanguliwe chini ya bolti. Ulisema hutaki mkwaruzo kabla ya maonyesho ya magari ya zamani. Ukamwomba asimwambie dada yako, asije akakataa kumpeleka hospitali ukalazimika kwenda wewe. Na alipokuwa amelazwa, mkono kwenye plasta, uliinama ukamwomba tena.

Kwa hiyo ulipouliza kwenye kikao tangu lini breki ikazima taa, jibu ulikuwa nalo. Nimewahi kukuvumilia mengi, ila hili limenishinda. Mama sikumkemea. Amefikia umri wa kuwaogopa watoto wake, na aibu hiyo ni yetu.

Dada yako nimemweleza yote. Aliniuliza kama mama anaweza kupanda gari bila kuumia mkono.

Jumamosi tunakuja kwako, na wajomba wale wale nimewaita. Dada yako ataendesha, mama atakaa kando yake, na taa zitawaka mchana kweupe kutoka hapa mpaka getini kwako. Utaanza kuzungumza wewe. Ukinyamaza nitazungumza mimi, na unanijua nikianza kueleza.

Msalimie shemeji, mwambie asihangaike kupika. Watoto wape salamu zangu zote. Wao hawana kosa.

Ni mimi kaka yako, ambaye ningependa sana Jumamosi jioni niendelee kujiita hivyo.