Paka Wako Hajui Kudanganya

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye hajambo ila miguu tu. Hapa ndipo ningekuuliza hali yako. Sikuulizi. Utasema u buheri wa afya, kama unavyosema kila ukipiga simu, na mimi nimechoka kudanganywa na mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Nakuuliza jambo jingine: kifua kinakubana upande wa kushoto, sivyo? Najua kwa sababu Bosi, paka wako, siku hizi analalia ubavu wa kulia tu, na akipanda dirishani anatweta. Daktari wa mifugo alimpima masikio hadi mkia, akasema hana ugonjwa. Mume wangu alicheka, eti sasa napiga ramli kwa paka. Acha acheke. Ulipoungua mkono wa kulia kwenye tanuri la mikate, Bosi alichechemea mguu wa mbele wa kulia, nasi habari zako tulizipata wiki iliyofuata.

Wewe mwenyewe unalijua hili. Ndiyo maana uliniagiza nimpe muuza nyama huyu Bosi, ukidai paka anakula bure. Nikakujibu kwamba nimempa. Sikumpa, na sitampa. Yuko hapa kazini, chini ya meza ya kupigia pasi, na mteja akilalamikia manyoya namwambia akafue kwake.

Sasa sikia nilichofanya. Jana nilimpigia msimamizi wako. Alisitasita, kisha akasema hujaonekana kazini tangu ulipoanguka mbele ya tanuri, na kwamba uliwakataza kutuambia kwa kuhofia presha ya mama. Mama nimemwambia. Hakuanguka. Alitafuta viatu vyake, akasema, "Mwambie mimi ndiye niliyemzaa, si yeye aliyenizaa."

Barua hii inatangulia na dereva wa basi la leo. Kesho tunafuata sisi: mama, mimi, na Bosi kikapuni. Ukikasirika, kasirikia hospitalini tutakakokupeleka. Mlango usiutie komeo, maana nitauvunja, na fundi utamlipa wewe.

Msalimie msimamizi, wala usimgombeze. Nakuombea usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi kukushinda.

Nilisahau: mchana huu Bosi amelamba bakuli la supu mpaka likang'aa. Ahsante kwa kula, kaka.