Nani Anamlisha Mama Usiku?

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika, maana tunashona sare za shule tangu mwezi uanze. Nyinyi hamjambo? Kaka hajambo? Mama anaendeleaje?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu kaka husikiliza kila neno, kisha anaanza kutusuluhisha. Ameniambia sukari ya mama inalala vizuri na kuamka juu. Sasa niambie, sukari inapandaje kwa mtu aliyelala? Kuna mtu anamlisha usiku, na nyumba hiyo ina watu watatu tu.

Sikufichi, roho inaniuma. Kila nikiongea naye ni wewe tu: Msusi kanisuka, Msusi kanikanda miguu. Mimi niliyetoka tumboni mwake naulizwa kama huku kuna mvua. Kama unayanunua mapenzi yake kwa biskuti, acha.

Wifi yako,
Fundi


11 Februari

Wifi,

Salamu zimefika, nasi hatujambo. Vidole vyangu vimechubuka kwa nywele za wateja, lakini kazi ni kazi.

Biskuti? Jioni mama anakula, anachoma sindano yake, tunapima, iko sawa. Asubuhi tunapima kabla hajagusa hata chai, iko juu. Nami sielewi. Muuguzi ametuambia tumpelekee vipimo vya wiki nzima, na kwa sasa tusibadilishe chochote.

Kama unadhani nalala na biskuti chini ya mto, njoo umchukue ukae naye wewe. Nguo zake nitazipiga pasi mwenyewe. Ila nakuomba sana, akichoma sindano lazima ale.

Wifi yako,
Msusi


17 Februari

Wifi,

Hamjambo? Umesema mwenyewe. Kaka amlete Jumamosi. Kitanda nimeshanunua, na mashuka nimeyashona kwa mkono wangu. Mambo ya kula usinifundishe, huyo ni mama yangu.

Binti yake,
Fundi


9 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Mama hajambo sasa. Hilo neno "sasa" lisikushtue, nitakueleza.

Alipofika tu nilifunga kabati la chakula kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na futi yangu ya kupimia nguo. Nikatandika godoro mlangoni kwake, nikalala hapo. Asubuhi sukari juu. Nikapekua mkoba wake, nikapapasa mto, nikakung'uta hata viatu. Mama akawa ananitazama tu, akaniuliza nimepoteza nini.

Nikaona basi, dawa ni kukata chakula cha jioni. Sindano nikampa, sahani nikaiondoa. Alfajiri nikamkuta amelowa jasho, anatetemeka, macho hayanioni. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wifi, nililivunja lile kabati kwa mkasi wa kukatia nguo huku ufunguo unaning'inia shingoni mwangu. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo.

Fahamu zilipoanza kumrudia alinishika mkono akasema, "Msusi, mwanangu, uko wapi?" Nikamwambia nipo.

Muuguzi wa huku alinigombeza sana. Baadaye, vipimo vilipokamilika, akanieleza kwamba kuelekea alfajiri mwili hujiandaa kuamka, na ini huachia sukari lenyewe, hata kwa mtu ambaye hajala kitu. Hakuna aliyekuwa anamlisha. Daktari amempangia dawa upya, na chakula chake cha jioni anakula. Leo ameamka vizuri.

Kwa hiyo la sukari nimekuondolea. La jina lako bado limenikaa kooni. Kaka aje amchukue? Maana anayetakiwa ni wewe.

Wifi yako,
Fundi


16 Machi

Wifi yangu,

Sisi wazima, ila barua yako niliisoma nimesimama, mteja nusu kichwa hajasukwa, na nikashindwa kuendelea. Nashukuru mama yuko salama. Hilo kabati nalo, pole zake.

Sasa na mimi nikwambie. Miaka yote niliyokaa na mama, akiota, akiumwa, akishtuka usingizini, anaita wewe. "Fundi, mwanangu." Naitika mimi. Nampa maji, namkanda miguu, ananishukuru kwa jina lako. Asubuhi ndipo anakumbuka mimi ni nani, na ndipo wewe unapopiga simu ukasikia sifa zangu. Sikukwambia, kwa nini nikwambie? Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nalia jikoni. Mtu yuko mbali, haoshi hata kikombe, na usiku ndiye anayeitwa.

Chumba chake kimya. Kaka yako akirudi kazini anachungulia humo kwanza, kisha anakumbuka. Nami nimemkumbuka mno.

Lakini kaka haji kumchukua. Kaa naye hapo, mlishe jioni, mpime asubuhi. Tangu niolewe katika nyumba hii, ndiyo kwanza mama ananiita mimi.

Wifi yako,
Msusi