Kumwombea Doa

Watoto, chai iko kwenye chupa. Vyombo aoshe mwenye zamu, bila hadithi.

Nimefagia sebule mara mbili, kukaa kumenishinda, naenda uwanjani. Doa, farasi ninayemshangilia kila msimu, jana aliruka magogo na mitaro yote, lakini alimaliza akichechemea. Asubuhi hii daktari wa mashindano anamkagua. Akimkataa, leo haruki.

Baba yenu alinikuta nikimwombea, akauliza goti lake yeye litaombewa lini. Mkacheka wote. Mimi iliniuma.

Basi nisaidieni. Ombeni ~~Doa apite~~ daktari aone vizuri. Natamani mno kumwona akiruka, lakini kama mguu unamuuma, heri azuiwe, nami nirudi nyumbani na bendera yangu kwapani.

Mama