Koti la Baba Yako

Vudee, Same

Mwanangu Elinaza,

Sisi wazima, na tangawizi imekubali mwaka huu. Filamu yako tumeitazama kwenye ukumbi wa kanisa, nami nilikaa mbele kabisa. Niliwatangazia wote: shujaa huyu kwenye kitabu cha katuni huvaa joho jekundu, lakini mwanangu ana akili, kamvalisha koti kuukuu la marehemu baba yake. Akipaa hatumwoni, tunaona kivuli chake tu kikipita juu ya mashamba. Mchungaji akasema, "Mama Elinaza, kijana huyu anajua kuingia moyoni mwa mtu." Nikamjibu, "Nimemzaa mimi."

Kisha koti likaonyeshwa kwa karibu, nikakiona kiraka cha kiwiko nilichokishona kwa mkono wangu.

Kumzika baba yako hukuja, ulisema una kazi ya picha. Hata hivyo, siku ya kugawa nguo za marehemu, baba zako wadogo walilitaka koti lile nikawakatalia. Nikasema ni la mtoto wake wa kwanza, nikakutumia kwa basi.

Shujaa wako akalitia moto ili aache kumwogopa baba yake. Watu wakapiga makofi. Baba yako mdogo Clemence akaninong'oneza, "Shemeji, lile si la kaka?"

Nikamwambia yanafanana.

Najua watu wa sinema mna namna zenu za kudanganya macho. Basi nijibu hili moja tu, mwanangu: koti liliungua kweli?

Mimi mama yako, ambaye bado najisifia wewe,
Raheli